Baba Alipomwombea Sebagabo Ampate Ng'ombe Wake

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo baba yangu alipiga magoti uani kwetu Lweba, akamwombea Mzee Sebagabo ampate ng'ombe wake aliyepotea. Aliomba kwa sauti kubwa. Alimsihi Mungu wa Abrahamu amrudishie mtumishi wake mali yake. Mzee Sebagabo alikuwa amepiga magoti kando yake, kofia mkononi, akiitikia amina karibu kila baada ya neno. Na nyama ya ng'ombe huyo huyo ilikuwa jikoni mwetu juu ya uchanja, inakauka kwa moshi, nyuma ya ukuta ambao baba alikuwa ameuelekea.

Kaa chini tuongee. Sikukuita ili nimseme vibaya baba yangu. Nilimpenda, na hata leo akiwa kaburini nampenda. Yeye mwenyewe alituachia ruhusa. Alituambia, "Mukikuta mutoto wa kanisa anasema yeye hawezi tena kuanguka, mumupe habari yangu. Na mukikuta ule anasema ameanguka, basi imekwisha, mumupe habari ile ile." Sasa wewe Jumapili iliyopita nilikusikia, ulipokuwa unatoka kanisani na wenzako wa kwaya. Ulisema mtu aliyeokoka kweli hatendi dhambi, na kwamba yule dada aliyewekwa kwenye benchi la nyuma hakuwahi kuokoka tangu mwanzo. Tena ulimpita mlangoni bila kumpa mkono. Macho yangu yamechoka, lakini hilo niliona.

Wakati huo nchi yetu iliitwa Zaire, na chama kilikuwa kimoja. Hata mtoto aliye tumboni alihesabiwa kuwa mtu wa chama. Majina ya ubatizo yalikatazwa, kila mtu akaambiwa arudi kwenye majina ya mababu. Barabarani baba yangu alikuwa Wilondja. Ila koko yangu, yaani mama aliyemzaa baba, hakukubali. Alimwita Samweli, na alimwita kwa sauti, hata mbele ya chifu wa eneo. Walipokuja kumwonya aliwauliza, "Ni nyinyi mulimuzaa?" Wakaenda zao. Nani angemfunga mwanamke mzee vile, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki ya kuhesabu?

Baba alikuwa shemasi. Yeye na wenzake ndio waliopitisha kikombe siku ya Meza ya Bwana. Siku za kazi alikuwa na mtumbwi wake wa mbao wa kuvulia ndagala, yaani dagaa wa ziwani, na shamba la mihogo kando ya njia ambayo watu wa Bibokoboko, kule juu milimani, huteremka nayo na ng'ombe wao kwenda soko la Baraka. Alikuwa mtu mwema, mkarimu, mcheshi hata. Lakini hasira! Hasira ya baba ilikuwa inatangulia, yeye anafuata nyuma anaokota vilivyovunjika. Mara ngapi ng'ombe walikuwa wamepita wakakanyaga mihogo yake, na mara ngapi alikuwa ameapa kwamba safari ijayo itakuwa nyingine.

Safari ijayo ikafika, kiangazi, jioni jua likiwa bado halijazama nyuma ya milima. Mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliachana na kundi, akaingia shambani. Baba alikuwa humo peke yake na panga. Alimkata mguu wa nyuma kwa pigo moja la hasira, mnyama akaanguka.

Hapo, mwanangu, njia bado ilikuwapo. Angeweza kukimbia na kuwaita wenye ng'ombe, akasema, "Jamani, nimekosa." Wangegombana, wangeamuliwa na wazee, yangeisha. Lakini Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Watu wangeteremka kutoka milimani, wengine wangekuja na mitumbwi kutoka Kazimia, na yeye shemasi angewekwa kwenye benchi la nyuma mbele yao wote. Akatazama huku na huku, hakuona mtu. Akammaliza yule mnyama.

Nikueleze benchi la wakati ule, maana siku hizi mnaliogopa lakini hamjui lilivyokuwa. Lilikuwa karibu kabisa na mlango, benchi la mti lisilo na mgongo. Mwamini aliyekosa aliwekwa hapo chini ya adabu ya kanisa. Hapokei Meza, haimbi kwaya, haombi mbele ya watu, mpaka wazee waone ametengeneza. Lilikusudiwa kuponya. Sisi tukalifanya kituko. Watu waliliogopa kuliko walivyomwogopa Mungu. Jumamosi kabla ya Meza kulikuwa na ibada ya maungamo, na ungecheka ungekuwapo. Huyu anasimama, anafuta machozi, anaungama kwamba amechelewa kuomba asubuhi. Yule anaungama kwamba alisinzia wakati wa mahubiri. Mama mmoja kila mara aliungama kwamba hampendi Mungu vya kutosha, na jirani yake alikuwa hajasalimiana naye tangu mvua za mwaka uliopita! Tulijua ni dhambi zipi zinakupeleka kwenye benchi na zipi hazikupeleki, tukawa tunaungama hizi na kuzifuga zile.

Basi baba akaleta nyama nyumbani. Akasema ni nyama ya mbogo, amepewa na rafiki yake mwindaji. Mama akapika, tukala na bugali. Nami nilikula, nikaomba niongezewe. Ilikuwa na mafuta mazuri. Baba peke yake alisukuma sahani, akasema tumbo linamuuma.

Asubuhi ndipo Mzee Sebagabo alipofika. Alikuwa mtu wa Bibokoboko, mrefu, mwamini wa siku nyingi, na alipoteremka sokoni alizoea kupumzika kwetu na kumletea Koko siagi. Akasema mtamba wake amepotea kati ya hapa na kijiji kinachofuata. Hakuwa na neno baya kwa mtu. Aliomba tu msaada wa maombi. Ndipo baba akapiga magoti, na akaomba vile nilivyokwambia. Baada ya amina akachukua fimbo, wakatoka pamoja kumtafuta ng'ombe vichakani mpaka mchana.

Koko wakati wa maombi hakufumba macho. Alikuwa anamenya mihogo karibu na mlango wa jiko, na alimtazama baba tangu mwanzo hadi mwisho. Baba aliporudi peke yake, amechoka, vumbi miguuni, akamwita.

"Samweli, kuya hapa. Ile mbogo ilikuwa na mwenyewe?"

Baba akasema haelewi.

"Unaelewa. Iko ng'ombe ya Sebagabo."

"Nani amekuambia?"

"Weye. Umeniambia leo asubuhi, na magoti chini. Mi nilikuzaa. Ukiwa na kweli, unaombaka kidogo tu, unanyamaza. Leo umeomba mupaka Abrahamu ameamuka!"

Mama akadondosha kijiko. Baba akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Kisha akasema neno ambalo ninyi vijana mnalipenda sana.

"Mama, nimeshatubu. Tangu jana natubu ndani ya moyo. Damu ya Yesu inafuta yote, Mungu amenisamehe."

"Amekusamehe?" Koko aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha nyama kavu, akakiweka kwenye magoti ya baba. "Kama umetubu, mbona ile nyama iko juu ya moto yako? Mutu anatubu na nyumba yake inaendelea kutafuna?"

Baba akalia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba yangu akilia, na niliumia, nikataka kumpokonya Koko ile nyama niitupe ziwani. Baba akamwambia, "Mama, nitamuambia Sebagabo. Lakini Meza ipite kwanza. Si wiki hii, mbele ya batu bote."

Koko hakupandisha sauti. "Fanya unavyopenda, uko mutu muzima. Mi sitakusema kwa mutu. Lakini siku ya Yenga usiniletee kikombe. Katika mukono ule, sitapokea." Yenga, kwetu, ni Jumapili.

Mimi wakati huo nilikuwa msichana mkubwa, niko katika mafundisho ya ubatizo, na mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba aliye ndani ya Kristo ni mtu mpya. Nilikuwa nimelishika neno hilo kwa mikono miwili. Sasa nilimwona mtu mpya aliyeombea ng'ombe aliyemchinja mwenyewe. Kesho yake nilimfuata Koko mtoni alipokuwa analoweka mihogo, nikamwambia kwa hasira, maana nimerithi hasira ya baba, kwamba sitabatizwa. Nikamwambia, "Baba hajaokoka. Hakuokoka hata siku moja. Na kama yeye hakuokoka, mimi nitaweza wapi?"

Koko aliendelea kupanga mihogo yake majini. Kisha akaniuliza, "Ulipokuwa mutoto mudogo ukajichafua, mama yako alikuzaa mara ingine?"

Nikasema hapana.

"Alifanya nini?"

"Aliniogesha."

"Alikuogesha. Ulikuwa mutoto wake ukiwa musafi, ulikuwa mutoto wake ukinuka. Lakini hakukuacha unuke! Na hakukupa chakula ile mikono ikiwa michafu. Ungelia, ungepiga mateke, angekuogesha tu." Akaniangalia. "Unafikiri baba yako si mutoto wa Mungu. Umemuona anakula ile nyama?"

Nilifikiri. Kweli, hakuwa amekula hata kipande.

"Umemuona analala?"

Hakulala. Mama alikuwa amelalamika kwamba anageuka geuka kitandani kama mtu mwenye homa.

"Roho ya Mungu imemukaba hapa," Koko akasema, akajishika koo. "Mutu asiye wa Mungu angekula, angeshiba, angelala, kesho angetafuta ingine. Baba yako ameanguka na hawezi kutulia pale chini. Njo maana sijakata tamaa. Siku nitamuona anakula ile nyama na anacheka, siku ile nitaogopa."

Nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, mengine ya watu waliosoma ng'ambo, na sijasikia lililonifaa kuliko hilo. Mungu anapomwokoa mtu hang'oi kila mzizi siku hiyo hiyo. Hasira ya baba ilibatizwa pamoja naye na ikatoka majini pamoja naye, imelowa tu. Ila siku hiyo baba alipewa mwenyeji mpya ndani yake, na mwenyeji huyo hakai nyumba moja na dhambi wakapatana. Ndiyo maana moyo wa mwamini una vita. Mtume mwenyewe alilia kwamba anatenda lile asilolitaka. Usipoona vita yoyote ndani yako, mwanangu, usishangilie upesi. Pengine hakuna anayepigana.

Jumamosi ikafika. Ibada ya maungamo. Baba alisimama zamu yake. Akasema, "Ndugu, mimi wiki hii sikuomba vizuri." Koko, aliyekaa mbele upande wa wanawake, akakohoa. Baba akakaa.

Na Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Baba alivaa abakosi yake safi, lile koti lisilo na tai tulilokuwa tunavaa enzi hizo, akasimama na mashemasi wenzake mbele. Mchungaji akabariki mkate na kikombe. Kikombe chetu kilikuwa cha bati, kikubwa, kimoja kwa pande zote mbili, kinazunguka mkono kwa mkono chini ya uangalizi wa shemasi. Baba akaanza na wanawake, na mtu wa kwanza kwenye benchi la kwanza alikuwa mama yake.

Akamnyooshea kikombe. Koko akaacha mikono yake mapajani. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alimtazama tu. Baba akangoja. Watu wakaanza kugeuka. Jamani, ule muda! Nilitamani paa lituangukie. Mwishowe baba akampita, akampa mama aliyefuata, kikombe kikazunguka upande wetu, kikarudi mikononi mwake. Akavuka kwenda upande wa wanaume, na hapo mwanzoni mwa benchi alikuwa amekaa Mzee Sebagabo.

Sebagabo alimnyooshea mikono yote miwili, kwa heshima, kama watu wa kwao wanavyopokea kitu. Divai ikamwagikia koti la baba. Akasimama hivyo, kikombe kati yao wawili. Kisha akageuka, akarudi mpaka mezani, akakiweka kikombe chini taratibu, akasema akiwa ametupa mgongo:

"Sebagabo, ng'ombe yako, njo mi niliiua." Akageuka uso. "Niliiua na hasira, nikaificha na woga. Nikaomba na wewe ipatikane, na ilikuwa kwangu. Bandugu, musinipe kushika tena hiki kikombe."

Kelele ikaanza. Mzee mmoja wa kanisa akasimama akapiga ukelele kwamba mtu huyu hakuokoka kamwe, afukuzwe, akitaka kurudi abatizwe upya. Mwingine, rafiki ya baba, akasema yaishe hapo, Mungu amesamehe, shemasi achukue kikombe tuendelee. Angalia, mwanangu, watu wawili walivyokosea kwa njia mbili, mmoja huku mwingine kule, na wote walikuwa na uhakika. Wa kwanza alitaka kumtupa mtoto pamoja na uchafu. Wa pili alitaka kumkalisha mezani bila kumwogesha.

Mchungaji wetu alikuwa mzee mpole wa maneno machache. Aliwanyamazisha kwa mkono. Akamwambia baba, "Utakaa benchi la nyuma, mupaka utengeneze na Sebagabo. Sikufukuzi. Ile benchi iko ndani ya kanisa, haiko inje."

Baba akatembea kutoka mbele mpaka mlangoni, kanisa lote likimtazama, akakaa peke yake. Ndipo Koko akachukua fimbo yake. Akainuka mahali pake pa mbele, mahali pa mama wa kanisa alipokaa tangu nipate akili, akaburuta miguu kupitia kati ya watu wote, akaketi kando ya mwanawe kwenye lile benchi lisilo na mgongo, akamshika mkono. Yule aliyemkatalia kikombe! Na kila Meza baba alipokuwa hapokei, naye hakupokea. Walipomwuliza wazee, alijibu, "Nangojea mutoto yangu."

Nje ya kanisa Mzee Sebagabo alimwendea baba. Watu wakakusanyika wakidhani wataona ngumi. Akampa mkono, akasema, "Wilondja, nimekusamehe." Baba akashukuru kwa kuinama. Sebagabo hakuuachia ule mkono. Akaendelea, "Na ng'ombe yangu naitaka."

Watu wengine walicheka, wengine wakanung'unika kwamba huo ni msamaha gani. Akawageukia. "Kusamehe, nimesamehe hapa," akajigusa kifua. "Lakini batoto bangu banakunywaka maziwa, habakunywi kusamehe." Koko akasema amina kwa sauti. Chifu wa eneo alisikia habari ile, akatuma watu wake wamkamate baba, maana alinusa faini humo, kitoweo chake mwenyewe. Sebagabo akawaambia hana mashtaka na mtu, hayo ni ya watu wa nyumba moja, wakarudi mikono mitupu.

Nyama iliyobaki Koko aliiteremsha uchanjani siku hiyo hiyo, akampelekea mwenyewe. Na baba akapeleka mtumbwi wake Kazimia, akaubadilisha na mtamba kwa mtu mmoja aliyekuwa na ng'ombe na alitaka kuvua. Mama alilia, maana mtumbwi ule ndio uliotulisha. Tulikula bugali na sombe tupu, majani ya mihogo, siku nyingi sana, bila ndagala, mpaka wadogo zangu wakawa wanauliza samaki amekwenda wapi. Baba hakumlaumu mtu. Nilimwona akipita ufukweni asubuhi wenzake wanapoanika samaki mchangani, anawasalimia, anaendelea na jembe lake begani.

Tulimpandisha yule mtamba mpaka Bibokoboko, baba anavuta kamba, mimi nasukuma nyuma. Kupanda kule si mchezo. Tulipofika, baridi, ukungu, Mzee Sebagabo akatoka kwenye boma, akamzunguka yule ng'ombe, akamshika nundu, akamwangalia macho na kwato. Akamwita mkewe atuletee maziwa. Tulipokwisha kunywa akamwambia baba aombe.

Baba akavua kofia. "Mungu, asante. Amina."

Basi, hayo tu! Nilipomsimulia Koko alicheka mpaka akajishika mbavu, akasema sasa huyo ndiye Samweli wake.

Nilibatizwa msimu huo huo, ziwani, hapo Lweba. Wazee walikuwa bado hawajamtoa baba benchi la nyuma, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kusimama na mashemasi majini. Alisimama juu ya mchanga na Koko, na nilipotoka majini nikamwona anafuta macho kwa mkono wa shati. Sikuogopa tena. Nilijua ninaingia nyumba ambamo watu huanguka, na Mwenye nyumba hawaachi chini.

Usidhani baba aligeuka malaika. Alirudishwa Mezani, Koko naye akapokea siku hiyo, na miaka ikapita, Koko tukamzika. Siku moja mimi nimeshaolewa, nimekuja kumsalimia, mbuzi wa jirani akaingia kwenye maharage yake. Nilimwona baba akikimbia na panga. Panga likapanda. Mbuzi yuko miguuni pake, anatafuna bila habari. Baba akasimama hivyo, mkono juu, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha nikamsikia anasema kwa meno yaliyobanwa, "Yesu, ule mukono, ushike." Panga likashuka taratibu, akalitupa pembeni. Akavua mkanda wa suruali, akamfunga mbuzi shingoni, akampeleka kwa mwenyewe, mkono mmoja unavuta mbuzi, mwingine umeshika suruali isianguke.

Aliporudi alikuwa anacheka. Akaniambia, "Binti yangu, hasira iko pale pale. Lakini leo haikuniongoza."

Sasa sikiliza, nakuambia wazi, na usinijibu kwamba mchungaji wenu wa siku hizi anasema vingine. Mwamini anaweza kuanguka. Ukisema wewe huwezi, umeanguka tayari, na umeanguka pabaya kwa sababu hujui. Lakini mwamini hana ruhusa ya kuweka makao pale alipoanguka. Usichukue neema ya Mungu ukaifanya blanketi la kufunikia nyama yako juu ya uchanja. Tubu kwa Mungu, na uliyemkosea umwendee, na ulichokiharibu ukitengeneze, hata kama ni mtumbwi wako. Ungama lile linalokuuma, acha haya mambo ya kusinzia kwenye mahubiri. Na dhambi yako unayoijua kwa jina, ile iliyobatizwa pamoja nawe, pigana nayo leo, na kesho asubuhi uamke upigane nayo tena. Ukishindwa, kimbilia nyumbani kwa Baba yako, usikimbie kutoka nyumbani. Damu ya Kristo haikumwagika kwa ajili ya siku ya ubatizo wako peke yake.

Na mwenzako akianguka, usimdanganye kwamba hakuna kitu. Koko hakumdanganya mwanawe. Lakini ukimkatalia kikombe, uwe tayari kukaa naye kwenye benchi. Kama huwezi kukaa, basi huna la kumwambia.

Kesho ni Jumapili. Yule dada atakuwa pale nyuma, karibu na mlango. Kwaya itaimba bila wewe, haitakufa. Utakaa kando yake, utampa mkono, na nitakuwa ninaangalia.

Inamisha kichwa nikuombee. Nitaomba kidogo tu, maana sina ninachoficha. Baba, mshike mtoto huyu. Akianguka, mwinue. Akikataa kuinuka, mnyime usingizi. Amina.